Kwanza Niambie Risasi

Ukiingia chumba cha kazi cha wifi yangu na bunduki begani, husalimiwi. Hata uwe mkubwa wa wakubwa, hata uwe umepanda pikipiki kutoka upande wa pili wa mto na vumbi limekujaa hadi kwenye kope, utakaloulizwa ni lilelile: "Risasi gani?" Ukijikakamua ukasema umekuja kuulizia mtutu mpya, atakuangalia juu ya miwani yake iliyofungwa uzi sikioni, atasema, "Mtutu nimesikia. Kwanza niambie risasi." Mbele yake watu wanamwita Fundi. Akiwapa mgongo wanamwita Bi Risasi Gani, na anajua, na wala hajali.

Mimi namwita wifi, maana ni dada wa mume wangu, mkubwa wake wa kufuatana. Amenichamba tangu siku niliyoletwa nyumba hii, nami sikumwacha akae na njaa ya maneno. Anasema mdogo wake alikuwa na akili zake timamu mpaka aliponiona. Namjibu kwamba yeye aliolewa akarudi, mimi niliolewa nikabaki, sasa nani mwenye mkosi? Hapo hucheka kwa pua. Ukweli wa ndoa yake ni mfupi. Bwana alimwambia achague, yeye au tupa. Tupa ipo mpaka leo, inaning'inia kwenye msumari juu ya jiliwa, kile chuma chake cha kubania, na mpini wake ameufunga ngozi mpya.

Kazi aliichukua kwa baba yao, aliyekuwa akitengeneza bunduki za shamba kubwa la miwa, lile linaloanzia nyuma ya mtaa wetu na kwenda mpaka macho yachoke. Mume wangu alipokuwa mdogo alikuwa akisikia mlio anakimbilia uvunguni. Dada mtu alikuwa akisikia mlio anauliza umepiga wapi. Basi mzee akaona cha kufanya. Leo kibali cha kazi kiko ukutani kwa jina la wifi, ndani ya kioo, na chini yake kuna mashine ya kukereza, kopo la mafuta, na mitutu imesimama pembeni kama wageni wasiokaribishwa viti.

Mitutu hiyo haichimbi yeye. Inatoka kiwandani ikiwa na mifereji yake ndani. Kazi yake ni kujua upi uende na nini, kuukata, kuukereza nyuzi za kuukazia na kuufunga. Siku moja nilikuwa namenya viazi mlangoni kwake, nikamwona ameelekeza mtutu dirishani na jicho moja amelifumba.

"Wifi, unachungulia nini humo kutwa nzima, unatafuta mume?"

"Mume hayumo. Angekuwemo ningeshamfyatua. Njoo uone."

Nikafuta mikono nikaangalia. Niliona duara la mwanga kwa mbali, na kuta za ndani zina mifereji inayojizungusha, mithili ya kamba iliyosokotwa.

"Hiyo mifereji ndiyo inayoizungusha risasi," akasema. "Isipozunguka haiendi, inatangatanga. Unaijua ile pia wanayozungusha watoto? Fupi nene, ukiizungusha kidogo tu inasimama. Ndefu je?"

"Inataka nguvu. La sivyo inalala."

"Basi umemaliza shule. Risasi nyepesi ni fupi, haitaki kuzungushwa sana. Nzito ni ndefu. Upana wa tundu ni uleule, huo uzito utaongezwa wapi kama si kwenye urefu? Kwa hiyo nzito inataka mtutu wa msokoto wa karibu, unaomaliza mzunguko mapema. Nyepesi inatosheka na msokoto wa mbali."

"Na ukichanganya?"

"Nyepesi kwenye msokoto wa karibu utavumilia. Ikizidi inapoteza shabaha, na zenye ganda jembamba zinaweza kupasuka njiani. Lakini nzito kwenye msokoto wa mbali..." Akapuliza vumbi la chuma kwenye jiliwa. "Hiyo tusiiongelee, nina kazi."

Msokoto anaupima kwa rula ya shule ya mwanangu, ambayo aliikopa na hakuirudisha. Anafunga kitambaa kwenye ncha ya ufito wa kusafishia, kinabana barabara, anauingiza mtutuni, anaweka alama ya chaki juu ya ufito, kisha anausukuma polepole. Ufito unajizungusha wenyewe kufuata mifereji. Alama ikirudi juu, anapima ufito umeingia kiasi gani. Ukiingia rula nzima ndipo alama irudi, huo ni msokoto wa mbali. Alama ikirudi na rula bado imebaki kipande kizuri, huo ni wa karibu. Kisha anagonga alama kwenye chuma, sehemu inayofunikwa na mbao, ambako haifutiki wala kuchubuka. Ila nani atafungua mbao kila asubuhi? Kwa hiyo alikuwa akifunga na kitambaa karibu na kifyatulio: chekundu kwa mtutu wa risasi nzito, cheupe kwa wa nyepesi. Walinzi wote wa shamba walikuwa wanajua. Hata mimi nilijua, na mimi bunduki yangu ni mwiko wa ugali tu.

Mume wangu ni mlinzi wa shamba hilo, wa kufukuza wanyama wanaoingia kwenye miwa. Watu wanamwita Ngurumo kwa sababu ya kicheko chake. Akicheka langoni mwa shamba, mimi jikoni najua niteleke maji, anakuja. Bunduki yake ilikuwa na mtutu uliochakaa, dada yake akautoa akaweka mwingine, wa msokoto wa mbali, kwa sababu enzi hizo shamba lilikuwa linanunua risasi nyepesi za ngiri na nguruwe pori. Kitambaa cheupe. Kulikuwa na bunduki nyingine mbili za namna ileile, ukiziweka mezani huzitofautishi. Moja yenye cheupe, na moja tu yenye chekundu.

Halafu akaja msimamizi mpya. Kijana msafi, viatu vinang'aa kama vimelambwa. Alipokagua silaha akauliza, "Hivi vitambaa vya nini? Bunduki zinaolewa?" Walinzi wakacheka. Akasema anataka silaha nadhifu. Na nani alichukua kisu akavikata, mbele ya wenzake, huku akicheka kuliko wote? Mume wangu.

Wifi alipopata habari alikuja kwetu na mafuta mikononi, hakukaa.

"Umekata vitambaa vyangu?"

"Dada, ni amri. Halafu sisi si watoto, kila mtu anaijua bunduki yake."

"Wewe unaijua yako?"

"Naijua kama mke wangu."

"Basi hujui kitu," wifi akasema, akaondoka. Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Yeye akipita dukani, mume wangu anavuka barabara. Mimi nikawa tarishi. "Mwambie dada yako..." "Mwambie huyo mdogo wangu..." Nikawaambia wote wawili kwamba mdomo wangu si wa kukodi.

Ndipo nyati akaja.

Alikuwa dume peke yake, mzee, aliyefukuzwa na wenzake. Hakuna aliyemwona akiingia. Waliona kwato tu kwenye matope ya mfereji wa maji, kubwa kuliko sahani, zinaingia kwenye miwa mirefu na hazitoki. Watu wakasema ataondoka. Hakuondoka. Bwana mmoja, wa kufungulia miwa maji, akaenda asubuhi kufungua kama kawaida, maji hayakuja. Walipomfuata wakamkuta kando ya mfereji, na jembe lake limevunjika mpini kama kijiti cha meno. Sitasema zaidi, mkewe ni jirani yangu.

Baada ya mazishi mtaa ulibadilika. Wanawake tuliacha kukata njia ya mfereji. Watoto wakaambiwa wasifuate mpira ukiangukia upande ule. Ukiwa unaanika nguo unasikia miwa inasugua, unasimama na shati mkononi, unasikiliza kama ni upepo. Mara nyingi ulikuwa upepo. Ndiyo ilikuwa shida yenyewe, maana huwezi kukimbia kila miwa ikisugua.

Msimamizi akaagiza risasi nzito. Akasema nyati si ngiri, anataka kitu kizito, na hapo hakukosea. Alichokosea ni kutouliza zinaingia kwenye mtutu upi. Kwake ilikuwa: inaingia, inafyatuka, basi. Na bunduki ya kitambaa chekundu, ambayo ndiyo pekee ingezifaa, haikuwepo ghalani. Ilianguka kutoka kwenye trekta ikapasuka kitako, ikapelekwa kwa wifi. Alikuwa ameshaigundisha na kuipaka mafuta, inasubiri wenyewe. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna risasi mpya. Mdogo wake ndiye angemwambia, na mdogo wake alikuwa anavuka barabara.

Jumamosi asubuhi mume wangu alirudi kutoka kujaribu bunduki. Nilimsikia akicheka tangu kona. Akaingia na karatasi ya shabaha, akaitandaza juu ya meza niliyotoka kuifuta.

"Mama Watoto, njoo uone maajabu."

Nikaangalia. Nimezoea karatasi zake, matundu ya mviringo, madogo, kama yaliyotobolewa kwa penseli. Haya yalikuwa marefu. Yamelala, moja hivi, moja vile, kama mbegu za tikiti zilizomwagwa.

"Mbona yamelala?"

"Ndiyo nguvu hiyo! Risasi mpya. Tundu moja linatosha mawili ya zamani. Huyo nyati akipigwa na hii ataomba radhi."

"Na mbona moja iko huku, nyingine kule?"

"Upepo."

"Upepo na leo hata nguo zangu hazitikisiki?"

"Wewe mwanamke, utapika au utanifundisha kazi?" Akacheka, akanipiga bega, akaibandika karatasi ukutani kwa vipande viwili vya chingamu ya mwanae. Akala amesimama. Alisema nyati ameonekana kwenye kitalu cha mwisho, karibu na pampu, na wamezunguka pande tatu. Akazima simu yake mbele ya macho yangu, kwa sababu ikiita porini inamharibia, akatoka. Alikuwa anapiga mluzi. Sikuupenda ule mluzi, lakini mke hazuii mluzi.

Wifi alikuja adhuhuri kula. Jumamosi huwa anakula kwangu hata akiwa amenuna, mradi mdogo wake hayupo. Akaketi, akapakua, akaanza kusema mchuzi wangu una maji ya kutosha kufulia. Nikawa natafuta jibu la kumkomesha. Alipoinua kichwa kunisikiliza, macho yake yakapita juu ya bega langu yakaenda ukutani.

Akaweka kijiko. Hakukidondosha, alikiweka, polepole, kama kitu kinachoweza kulipuka.

"Hiyo karatasi ya nani?"

"Ya mdogo wako. Anasema ni nguvu ya risasi mpya."

Akainuka akaenda kuigusa. Akapitisha kidole kwenye tundu moja, kisha jingine. Pembeni ya kila tundu kulikuwa na weusi mwembamba, na alama ya risasi nzima, ncha na kitako, kama umeilaza juu ya karatasi ukaichora.

"Inakwenda ubavu," akasema.

"Ndiyo nini?"

"Pia ndefu, wifi. Pia ndefu isiyozungushwa." Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia. "Hii haichomi. Inapiga kofi. Nyati ana bega nene kama mlango, hii itamlalia chini ya ngozi. Itamuumiza tu." Akageuka. "Yuko wapi?"

"Kitalu cha mwisho."

"Lini?"

"Ametoka mchuzi ukiwa jikoni."

Nikapiga simu, nikajibiwa kwamba mteja hapatikani. Nikampigia msimamizi. Akapokea kwa sauti ya chini, akasema, "Mama, tuko kazini." Nikamwambia amwambie mume wangu asipige, risasi si zake. Akasema, "Risasi zote ni za shamba, mama," akakata. Nikamtukana, lakini simu ilikuwa imeshakata, tusi likabaki mdomoni mwangu.

Wifi ana sheria ambayo sijawahi kumwona akiivunja: silaha haitoki chumbani kwake bila mwenyewe kuja kuichukua. Siku hiyo aliingia, akaishusha ile ya kitako kipya, akaniambia, "Niletee shuka." Nikachomoa shuka la kitandani kwangu. Akaifunga kama mtoto mgonjwa, akaniwekea mikononi, akawasha pikipiki yake.

"Shika hiyo, usinishike mimi."

"Nitaanguka!"

"Anguka nayo juu."

Njia ya kitalu cha mwisho ni ya matrekta, imechimbika pande mbili, katikati nyasi. Miwa ilikuwa imetupita urefu kushoto na kulia, na ilikuwa kimya. Hata ndege hawakuwepo. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, kwamba mtutu huo aliuweka yeye, kwamba wangekuwa wanasemeshana haya yasingekuwa, lakini niliona mishipa ya shingo yake, nikaona anajiambia mwenyewe.

Tulikuwa tumeiona pampu ndipo mlio ukapiga.

Wifi akazima pikipiki palepale, tukasikiliza. Kulikuwa na kishindo cha kitu kizito kinachovunja miwa, kikaenda, kikaenda, kikakoma ghafla. Mume wangu akimpata mnyama hucheka. Nilisubiri kicheko mpaka masikio yakauma.

"Hajafa," wifi akasema. "Amesimama ndani, anamsubiri."

Tuliacha pikipiki tukakimbia. Msimamizi alikuwa juu ya tela la trekta, viatu vyake vinang'aa, anaonyesha kwa kidole. Mume wangu alikuwa chini, kwenye ukingo wa miwa. Kulikuwa na damu kwenye majani, kidogo, kama mtu aliyejikata na wembe. Ameinama anaifuata. Mguu mmoja ulikuwa umeshaingia.

Wifi hakumwita kwa jina la watu. Alimwita kwa jina la uvunguni, lile la utotoni ambalo mume wangu alinikataza mimi mkewe nisilitaje, na hapa pia silitaji. Mume wangu akasimama kama aliyevutwa shati.

"Dada? Mnafanya nini hapa? Rudini!"

"Toa mguu humo."

"Nimempiga! Begani, nimeona vumbi likiruka!"

"Umeona vumbi kwa sababu haikuingia. Toa mguu."

"Dada, tundu ni kubwa, hukuona karatasi..."

"Tundu kubwa kwenye karatasi. Nyati ni karatasi? Ulikuwa hivi hata ulipokuwa unajificha uvunguni, miguu nje. Toa mguu nikuambie!"

Akautoa. Nikafika nikihema, shuka langu la maua limenasa kwenye kiatu. Wifi akalifungua, akampa bunduki.

"Hii ni nyekundu. Msokoto wa karibu. Tia hizohizo nzito zako. Hiyo nyingine nipe mimi, na usiishike tena mpaka nikuambie."

Ndugu hawa wawili walitazamana. Sijui walisemeshana nini kwa macho, ila nilimwona mume wangu akiangalia zile bunduki mbili, moja mkono huu na moja mkono ule, zimefanana kama pacha, na uso wake ukaingia rangi ya majivu. Alikuwa ameelewa alikuwa anaingia na nini.

"Msiingie," nikasema. "Mwacheni afe humohumo."

"Hatakufa na lile kofi," wifi akasema. "Kesho atakuwa mtaani."

Msimamizi akataka kusema kitu kutoka juu ya tela. Nikamwangalia. Akainama kufuta kiatu.

Mume wangu hakufuata damu. Dada yake alimwambia asiifuate, nyati aliyeumizwa hurudi nyuma akasimama kando ya njia yake mwenyewe. Akaingia pembeni, hatua moja, anasimama. Hatua moja. Miwa ikamfunika mgongo, kisha kofia, kisha ikabaki inatikisika juu tu, halafu hata kutikisika kukaisha. Wifi alikuwa amenishika kifundo cha mkono. Ninayo alama ya kucha zake mpaka leo.

Kwanza tulisikia pumzi. Si ya mtu. Ilikuwa karibu mno, karibu na sisi kuliko na yeye. Kisha miwa ikalala yote kwa pamoja, na mlio, mmoja, na kitu kikaanguka nikasikia kwenye nyayo zangu.

Hakuna kicheko.

Nikaita. Kisha nikaita kwa lile jina nililokatazwa. Ndipo akatoka, ubavu ubavu, bila kofia, suruali imelowa na si kwa umande. Msimamizi akapiga makofi. Mume wangu akapita mbele yake kama anapita mti, akaketi chini, akakumbatia magoti.

Nyati alikuwa amelala hatua chache tu kutoka pale alipokuwa akiingiza mguu mwanzoni, kichwa kimeelekea kwenye njia ya damu. Alikuwa anasubiri palepale. Wifi akatoa kisu, akapasua ngozi ya bega. Ile risasi ya kwanza ilikuwa hapo juu juu, imejikunja katikati kama kidole kinachoita. Akaifuta kwenye gauni lake akaitia mfukoni.

Jumatatu alikwenda ghalani na ufito, rula na vitambaa, na safari hii msimamizi mwenyewe ndiye aliyemshikia taa. Alipima mitutu yote, akafunga vitambaa, hakuna aliyesema habari ya kuolewa. Mwisho akasimama akahesabu kwa macho.

"Nyeupe nyingine iko wapi?"

Msimamizi akajikuna. Ilikuwa imeazimwa na shamba la upande wa mlimani, walikuwa na nyati wao pia. Tangu Ijumaa. Walipewa na boksi la risasi. Zipi? Nzito, ndiyo, zile mpya.

Wakapiga simu. Wenyewe wakasema mlinzi wao ameshaingia msituni nayo na huko simu haishiki, ila wasiwe na wasiwasi, amejaribu kabla ya kuondoka na inapiga vizuri sana. Inatoboa tundu kubwa. Wifi akamrudishia msimamizi simu. Kuna mtu alitumwa kumfuata. Huyo naye hajarudi.

Hiyo ni juzi. Mume wangu anakaa nyumbani, anakula nikimwambia ale. Anasemeshana na dada yake sasa, kwa maneno mafupi, na kicheko chake hatujakisikia. Ile risasi iliyojikunja iko dirishani kwa wifi. Mteja akiingia akisema inaingia inafyatuka, anawekewa kiganjani, anapewa muda wa kuiangalia.

Leo alasiri nilikuwa mlangoni kwake na viazi vyangu. Alikuwa anapiga tupa. Upepo ulikuwa unatoka mlimani. Mlio ukaja nao, mwembamba, wa mbali sana, na tupa ikasimama.

Mlio mmoja unaweza kuwa mnyama amelala. Mlio mmoja unaweza pia kuwa mtu hakupata nafasi ya wa pili. Tulisubiri, kiazi mkononi, tupa mkononi. Mume wangu alikuwa ametokea mlangoni kwetu, naye anasikiliza. Upepo uliendelea kuvuma na haukuleta kitu.

Wifi akaning'iniza tupa kwenye msumari wake, akaishusha ile nyekundu, ambayo hakuirudisha ghalani tangu siku ya nyati.

"Niletee shuka," akasema.